Jinsi ya kulinganisha mabondia wakubwa walipokuwa wanaanza (njia ya kaunta buku)

Hapa Mikindani ukikaa kijiweni jioni, ubishi wa ngumi unaanza kabla hata kahawa haijamiminwa. Huyu Tyson, yule Ali, mzee wetu mmoja yeye Foreman tu. Nimebishana hivyo miaka na miaka na hatufiki, nikaja kugundua shida ni kwamba hatuongelei kitu kimoja, mmoja anamzungumzia Ali wa Kinshasa 1974 akiwa na miaka 32, mwenzake anajibu kwa Tyson wa miaka 20, sasa hapo mtaelewana vipi njomba?

Kwahiyo nawapa njia ninayotumia mimi, inahitaji kaunta buku, rula, peni na bando kidogo tu.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana, kushoto bondia wa kwanza, kulia wa pili. Andika namba 1 mpaka 20 kushuka chini, hizo ndo pambano zao 20 za mwanzo za kulipwa. Usipange kwa mwaka wala kwa umri, panga kwa namba ya pambano, la 5 liangaliane na la 5, la 11 na la 11. Kila mstari andika tarehe, mpinzani, rekodi ya mpinzani SIKU ILE, liliisha raundi ya ngapi na lilipigwa wapi. Rekodi utazipata BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, ukifungua ukurasa wa bondia kila pambano lake lipo pale, na rekodi aliyokuwa nayo mpinzani kabla ya siku hiyo ipo pia.

Nilivyojaza ya Ali na Tyson mara ya kwanza nilifika mstari wa 20 nikaweka peni chini. Wote wawili walifika pale wameshinda 19 kati ya 19, hakuna aliyepoteza hata moja. Ila angalia pambano lenyewe la 20. Ali (bado anaitwa Cassius Clay) la 20 ni Sonny Liston, Miami Beach, tarehe 25 Februari 1964, ubingwa wa dunia uzito wa juu, raundi 15 zimepangwa, na Liston akabaki kwenye stuli raundi ya saba ilipotakiwa kuanza. Tyson la 20 ni James Tillis, Mei 1986, raundi 10, hakuna mkanda, na ndo mara ya kwanza mtu anamaliza naye raundi zote mpaka pointi zikahesabiwa.

Mtu wa haraka ataishia hapo aseme Ali kashinda mjadala. Subiri kwanza, angalia safu ya tarehe. Ali alianza Oktoba 1960, kufika la 20 kachukua miaka mitatu na miezi kama minne. Tyson alianza tarehe 6 Machi 1985, kwahiyo 20 zake zimeisha ndani ya miezi 14! Mwaka 1985 peke yake kapanda ulingoni mara 15. Na zile 19 za mwanzo zote KO (mpinzani kashindwa kuendelea kabla raundi hazijaisha), 12 kati ya hizo raundi ya kwanza. Sasa hapo una vitu viwili tofauti, mmoja kapikwa taratibu na watu wa aina nyingi, mwingine kapikwa kwa moto mkali, mpinzani hajakaa sawa keshalala.

Sasa kazi yenyewe ni safu ya mpinzani na hapa ndo watu wengi wanakosea. Sisi huku msimu wa korosho tunajua, mnunuzi hahesabu magunia akaondoka, anachukua sampuli anazikata anaangalia kiini. Fanya hivyo hivyo, chukua majina matatu manne kila upande uyakate. Nikate la Archie Moore. Ukisikia Clay kampiga Archie Moore raundi ya nne Novemba 1962 unashtuka, maana Moore ni bingwa wa miaka mingi uzito wa chini ya uzito wa juu, lakini siku ile alikuwa na zaidi ya miaka 40, tena Clay alishapita kambini kwake kujifunza kabla hajaenda kwa kocha Angelo Dundee. Jina kubwa, kiini kimeshaanza kukauka. Mi naandika jina lile kwa peni ya bluu tu, sio nyekundu, nyekundu ni ya pambano lililompima bondia kweli.

Nyekundu naweka kwa Doug Jones, Machi 1963, Madison Square Garden, raundi 10, pambano gumu, pointi zimebanana na watazamaji wakazomea uamuzi. Jones alikuwa kijana na ana njaa. Pambano kama lile linakuonyesha bondia yukoje mbinu zake zikikataa, na upande wa Tyson kwenye zile 19 hulioni, sio kosa lake, hakuna aliyemfikisha huko.

Alafu ongeza safu moja ndogo: ALIANGUKA? Hii naipenda kuliko zote. Februari 1962 Sonny Banks alimdondosha Clay raundi ya kwanza. Clay akanyanyuka, akatulia, raundi ya nne Banks ndo aliyekwisha. Juni 1963 pale Wembley Henry Cooper akamtwanga ngumi ya kushoto mwishoni mwa raundi ya nne, Clay akaenda chini kwenye kamba, kengele ikamuokoa, raundi ya tano jicho la Cooper likapasuka damu ikawa haizuiliki refa akamaliza. Kwahiyo kabla hajakutana na Liston huyu kijana alishakaa sakafuni mara mbili na alishajua njia ya kunyanyuka. Ukiwa na video rudia ile ya Cooper, angalia miguu ya Clay anavyoelekea kwenye kona yake, hayuko sawa kabisa yani, ndo utaelewa kwanini naiwekea nyekundu mbili.

Ngumi za ridhaa weka juu ya ukurasa mstari mmoja tu. Clay dhahabu ya Olimpiki Roma 1960. Tyson 1984 alishindwa mara mbili na Henry Tillman akakosa Olimpiki, na Tillman ndo akaleta dhahabu Los Angeles. Inatosha.

Neno bingwa nalo liangalie. Tyson Novemba 1986 kampiga Trevor Berbick raundi ya pili, pambano lake la 28, ana miaka 20, bingwa kijana kuliko wote wa uzito wa juu mpaka leo. Lakini vyama vya ngumi vinavyotoa ubingwa ni vingi, ule ulikuwa mkanda wa WBC tu, wa WBA kauchukua Machi 1987 na wa IBF Agosti 1987, hapo ni pambano la 31. Kwahiyo andika tarehe mbili, ya mkanda wa kwanza na ya mikanda yote, la sivyo unampa mmoja kitu ambacho mwenzake alikihangaikia zaidi.

Na usimtupe mtu kwasababu mstari wa kwanza umeandikwa KAPIGWA. Bernard Hopkins alipoteza pambano lake la kwanza kabisa Oktoba 1988, akakaa zaidi ya mwaka hajapigana, 1995 akawa bingwa wa dunia na mkanda ule akautetea mara 20. Henry Armstrong naye alianza kwa kupigwa 1931, ilipofika 1938 ana mikanda mitatu ya uzito tofauti kwa wakati mmoja. Manny Pacquiao wa Ufilipino alianza ana miaka 16, mwaka uliofuata akapigwa KO, mwisho wa 1998 bingwa. Ukimlinganisha bondia wa hivi na asiyepoteza, angalia alirudi vipi, mpinzani aliyefuata ni kibonde au mtu wa maana.

Safu ya mwisho ni WAPI, na hii vijana wetu wa huku wanaopenda ngumi waiangalie sana. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alienda Birmingham kwa Sam Eggington, mtu aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, nyumbani kwake, akammaliza raundi ya pili. Ushindi mmoja kama ule kwenye daftari langu una uzito kuliko kumi za kupiga vibonde kwenye ukumbi wa mtaani kwenu ambako hata majaji wanakujua kwa jina la utani.

Mi kwa 20 za mwanzo nampa Ali, kwa sababu ya zile nyekundu, na Tyson nampa kasi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Sasa hivi najaza ukurasa wa Foreman kwa ajili ya yule mzee wetu, huyu inabidi niongeze kurasa maana alipigana 37 akashinda zote ndo akakutana na bingwa Joe Frazier pale Kingston, Jamaika, Januari 1973, akamdondosha mara sita ndani ya raundi mbili. Nimefika la 12, vibonde bado ni wengi, mzee anapitia kila jioni kuuliza nimefika wapi.