Jinsi ya Kuchagua, Kufungua na Kugawa Mvinyo Uliokaa Miaka Mingi

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Anayeanza asikimbilie mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, wa mwaka 1982, ambao bei yake ni ya watu wa minada. Mimi humpendekezea Rioja ya Hispania ya daraja la Gran Reserva, kwa kuwa kanuni za eneo hilo zinataka mvinyo mwekundu wa daraja hilo ukae angalau miaka 5 kabla ya kuuzwa, miwili kati yake ndani ya mapipa ya mwaloni. Mvinyo mwingi wa Dodoma, ambao naupenda, hutengenezwa ili unywewe ungali mchanga; kuuficha kabatini miaka 10 hakuuongezei chochote. Ukipata chupa kuukuu, iinue mwangani: mvinyo ukiwa umeshuka chini ya mabega ya chupa, huenda hewa imekwisha kupenya, basi iache.

Hatua ya pili, ilaze chupa gizani penye nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi. Juu ya friji, mahali panapopendwa na wengi, ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu pana joto na mtikisiko.

Hatua ya tatu, isimamishe siku moja au mbili kabla ya wageni kufika ili mashapo yatue.

Hatua ya nne ni kizibo, na hapa usiwe na haraka. Kizibo cha zaidi ya miaka 20 huwa kimelainika, na kizibuo cha skrubu hukimeng'enya vipande vipande. Tumia kile chenye mabapa mawili membamba ya chuma: tanguliza bapa refu kati ya kizibo na kioo, kisha lile fupi, uyashushe kwa kuyumbisha mkono huku na huku, halafu uzungushe huku ukivuta. Usisukume moja kwa moja, maana kizibo kilicholegea kitatumbukia. Kikikatika, kitumbukize kipande kilichobaki na uchuje mvinyo kwa kichungi cha chai chenye matundu madogo; sishauri kitambaa, kwani harufu ya sabuni hubaki ndani yake na kuhamia kwenye mvinyo.

Hatua ya tano, mimina polepole katika jagi la kioo, bila kuisimamisha tena chupa, taa ya simu ikimulika shingo yake kwa chini, na ukome mara uonapo utepe wa mashapo unakaribia. Onja kwanza wewe. Harufu ya boksi lililolowa maana yake kizibo kimeuharibu mvinyo. Hautamdhuru mtu, lakini hata ukiachwa upate hewa hautapona.

Hatua ya sita, gawa mara moja, kwa kuwa harufu ya mvinyo mkongwe huweza kupotea upesi. Chupa ya mililita 750 huwatosha watu 8, wazee wakitangulia, pamoja na nyama ya kondoo ya kuoka isiyo na pilipili. Mashapo yamwagwe, ni machungu, hayafai hata kwenye mchuzi.