Antena ya nje ya simu: namna ya kuifunga isiliwe na kebo yake

Antena yenye ukuzaji wa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu ya mawimbi), ikiunganishwa kwa mita 15 za kebo nyembamba ya RG-58, haikupi chochote. Kwenye masafa ya megahezi 1800 kebo hiyo hula takriban robo tatu ya desibeli kwa kila mita, kwa hiyo mawimbi yakifika chini zile 10 zimeshakwisha na deni limebaki. Ndiyo maana watu wengi hupanda juu ya paa, hufunga antena, kisha huapa kwamba antena za nje ni utapeli. Antena ilikuwa nzima. Kebo ndiyo iliyokula. Kazi hii ina mambo mawili makubwa: kuipandisha antena mahali panapouona mnara, na kuifanya kebo kati ya antena na kifaa iwe fupi iwezekanavyo.

Pima kabla ya kununua

Usiamini vistari vya mtandao juu ya kioo cha simu. Kila mtengenezaji huvipanga anavyotaka. Soma namba zenyewe. Kwenye simu nyingi za Android zimo ndani ya Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* na ukurasa wa vipimo utafunguka. Programu kama Network Cell Info au CellMapper huonyesha pia bendi unayotumia, yaani kundi la masafa, na namba ya seli (sehemu ya mnara inayokuhudumia), yaani PCI, ambayo utaihitaji sana wakati wa kuelekeza antena.

Kwa 4G angalia namba mbili. Ya kwanza ni RSRP, nguvu ya mawimbi ya mnara yanapokufikia. Huandikwa kwa dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja) na huwa hasi, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -110. Juu ya -90 ni nzuri, kati ya -90 na -105 inafaa, ikishuka chini ya -110 utaanza kuhangaika, na karibu na -120 mtandao hukatika. Ya pili ni SINR, usafi wa mawimbi hayo dhidi ya kelele. Juu ya 20 ni safi kabisa, 10 inatumika vizuri, chini ya 0 ni vurugu. Kumbuka pia kwamba desibeli 3 ni nguvu maradufu na desibeli 10 ni mara kumi, hivyo usidharau tofauti ya namba ndogo.

Sasa zima Wi-Fi, iwekee simu 4G pekee, uzunguke. Simama dakika moja chumbani, dirishani, uani, kisha juu ya ngazi usawa wa paa. Andika RSRP, SINR, bendi na PCI za kila mahali. Namba hizo zitakuambia ugonjwa ni upi.

Ukipata -118 chumbani na -98 juu ya ngazi, kuta na bati ndivyo vinavyokunyima desibeli 20, na antena ndogo tu ikitolewa nje itamaliza shida. Ndani na nje zikilingana kwenye -118, kizuizi kiko mbali: kilima, miti au umbali wenyewe. Hapo utahitaji kimo na antena yenye ukuzaji mkubwa. RSRP ikiwa -85 lakini intaneti inajikokota, pima tena saa 9 usiku. Ikikimbia wakati huo, mnara umelemewa na watumiaji, na hakuna antena itakayoutibu isipokuwa ile inayoweza kufikia mnara mwingine au bendi nyingine. Na kama RSRP ni nzuri huku SINR iko chini ya 0, minara miwili inagongana masikioni mwa simu yako. Antena ya upande mmoja husaidia sana hapo kwa sababu huupa kisogo ule usioutaka.

Kuna jambo watu hulisahau: mawasiliano ni ya pande mbili. Simu ya 4G hutuma kwa nguvu ya juu ya miliwati 200 hivi, wakati mnara hutuma kwa makumi ya wati. Unaweza kuusikia mnara vizuri nao usikusikie, ndiyo unaona vistari lakini simu haitoki. Antena ya nje hutibu pande zote mbili, kwani ndiyo hiyo hiyo inayopokea na kutuma. Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke kamwe kikuza mawimbi cha antena ya televisheni katikati ya kebo. Kile hupitisha upande mmoja tu, na nguvu ya kutuma ya modemu inaweza kukiunguza.

Simu haina tundu, sasa utaunganisha wapi?

Simu za mkononi za siku hizi hazina tundu la antena. Stika zinazouzwa kubandikwa nyuma ya betri hazifanyi lolote, na waya uliozungushiwa simu hufanya kidogo sana. Kuna njia nne zinazofaa kweli.

Iliyo bora kwa wengi ni kuhamishia laini kwenye ruta au modemu ya 4G yenye matundu ya antena, kisha simu zikaunganishwa kwa Wi-Fi. Simu za sauti zitapita kwa huduma ya kupiga kupitia Wi-Fi kama kampuni yako ya simu inayo, au kwa programu za mtandaoni. Ya pili, kwa anayetaka kupiga na kupokea tu, ni simu ya mezani inayotumia kadi ya SIM. Nyingi zina antena ya kufungua kwa mkono, na mahali pake unaweza kufunga kebo ya nje.

Ya tatu ni kupeleka modemu yenyewe juu. Modemu ya USB hupanda kwenye mlingoti ndani ya kikasha kisichoingiza maji, na kebo ya USB hushuka hadi kwenye ruta. Kebo ya USB 2.0 ina kikomo cha mita 5, lakini ndani ya mita hizo data haipotezi desibeli hata moja. Ruta za nje zinazopokea umeme kupitia kebo ya Ethaneti huenda mbali zaidi, hadi mita 100. Ukiweza kumudu moja ya hizo, kuwa na hakika kwamba imekuepusha na nusu ya matatizo yaliyoandikwa hapa chini. Kwa wabunifu, modemu ya USB ikiwekwa mahali pa LNB (kichwa kinachopokea mawimbi) kwenye dishi la zamani la setilaiti hupata mkazo mkubwa wa mawimbi. Kumbuka tu kwamba dishi lenye LNB pembeni hutazama juu zaidi ya linavyoonekana, kwa hiyo ili lilenge upeo wa macho itabidi lionekane kama limeinama chini.

Ya nne ni kikuza mawimbi: antena nje, kisanduku katikati, antena nyingine ndani. Nchi nyingi hudai kibali au kifaa kilichoidhinishwa, kwa sababu kikuza kibovu huvuruga mnara mzima. Kosa lake kubwa ni antena mbili kusikiana. Kifaa huanza kupiga mluzi wa redio kama spika iliyokaribiwa na maikrofoni. Utengano kati ya antena hizo unapaswa kuzidi ukuzaji wa kifaa kwa desibeli 15 hivi. Weka ya nje juu kabisa, ya ndani chini, zikipeana migongo, bati likiwa katikati.

Kuchagua antena

Antena lazima ifanye kazi kwenye bendi ulizoandika wakati wa kupima. Bendi 20 ni megahezi 800, bendi 28 ni 700, bendi 8 ni 900, bendi 3 ni 1800, bendi 1 ni 2100, bendi 7 ni 2600. Yagi, antena ya upande mmoja yenye vijiti vilivyopangwa kwenye fimbo, ikiwa ya bendi moja ina ukuzaji mzuri lakini nje ya bendi yake ni chuma tu. Antena ya logi (log-periodic) huchukua bendi nyingi kwa ukuzaji mdogo kidogo, na ndiyo salama kwa asiye na hakika mnara utamhamishia wapi. Antena ya duara, inayosikia pande zote, inafaa kwa gari au mashua; nyumbani hukusanya kelele za minara yote kwa pamoja.

4G hutumia njia mbili kwa wakati mmoja, ndiyo sababu ruta ina matundu mawili. Antena moja itakuboreshea RSRP, lakini kasi inaweza kushuka kwa kuwa njia ya pili imebaki kiziwi. Nunua antena bapa yenye kebo mbili, au funga Yagi mbili zinazofanana, moja imelazwa nyuzi 45 kulia na nyingine 45 kushoto, zote zikitazama upande mmoja.

Kebo na plagi

Hapa ndipo pesa zako zinapopotelea. Kwenye megahezi 1800, kebo nyembamba kama uzi wa earphone inayokuja na antena za bei rahisi hula zaidi ya desibeli 1 kwa mita. RG-58 hula takriban 0.75, LMR-200 hula 0.47, na LMR-400, nene kama kidole, hula 0.19. Kwenye megahezi 900 hasara hupungua kwa karibu theluthi. Kwa mita 3 tumia LMR-200 bila wasiwasi. Kwa mita 10 na kuendelea chukua LMR-400, na malizia na kipande kifupi cha kebo laini karibu na ruta, kwani uzito wa ile nene hung'oa tundu.

Plagi zinazochanganywa zaidi ni SMA na RP-SMA. Zinaingiliana kwa uzi wa nje, lakini katikati pini hukutana na pini, au kitundu na kitundu, na kipimo hakibadiliki hata ukikaza vipi. SMA ya kiume ina pini. RP-SMA ya kiume ina kitundu, na hutumika zaidi kwa Wi-Fi. Angalia kwa jicho kabla ya kulipa. Modemu ndogo hutumia TS-9 au CRC-9, zinazofanana kwa mbali. Ile isiyoingia kwa wepesi siyo yenyewe, na ukilazimisha utavunja tundu. Ruta nyingine zina matundu ya Wi-Fi na ya 4G pamoja, kwa hiyo soma maandishi yaliyo pembeni. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague antena ya nje, maana ikiachwa ijiamulie huweza kubaki na ya ndani.

Kufunga na kuelekeza

Antena ikae angalau mita 1 juu ya bati. Yagi iliyosimamishwa wima ishikwe kwa nyuma, sio katikati, la sivyo mlingoti wa chuma utakaa sambamba na vijiti vyake na kuiharibu. Mlingoti uwe mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wake, ili hata ukianguka usizifikie.

Kimo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba bali kwenye uwanda wenye umbo la yai refu. Kwa mnara ulio kilomita 5 kwenye megahezi 900, nusu kipenyo cha uwanda huo katikati ya njia ni mita 20 hivi. Unaweza kuuona mnara kwa macho na bado miti ya katikati ikawa inakukata.

Anza kwa kuelekeza antena upande wa mnara ukitumia dira au CellMapper. Mtu mmoja ashike antena, mwingine asome namba. Zungusha nyuzi 15, subiri sekunde 30 hadi namba zitulie, andika, endelea. Antena ya desibeli 11 ina mwale wenye upana wa nyuzi 50 hivi, kwa hiyo usijisumbue na nyuzi 2 au 3. Hakikisha PCI ni ile ile. Ikibadilika umeshahamia mnara mwingine na unalinganisha vitu viwili tofauti. Ukipata upande mzuri, shusha na kupandisha antena nusu mita, maana mawimbi yanayodunda bati na kuta hufutana sehemu moja na kuongezana sehemu jirani. Mwishowe chagua mahali penye SINR kubwa, hata kama RSRP yake ni ndogo kwa desibeli 2. Wakati mwingine upande bora hauelekei mnara kabisa, unaelekea ukuta au mlima unaoyarudisha mawimbi. Ufuate, usibishane nao.

Radi na maji

Mlingoti wa chuma uunganishwe na nondo ya ethi iliyozama ardhini kwa waya mnene usiopinda kwa kona kali, na kizuia radi cha kebo kiunganishwe na ethi hiyo hiyo mahali kebo inapoingilia nyumbani. Hata hivyo, wingu la radi likikaribia chomoa kebo kwenye ruta. Hakuna kizuizi kinachohimili pigo la moja kwa moja.

Maji ni adui wa polepole. Kabla kebo haijaingia ukutani, ipinde chini kama herufi U ili matone yadondokee nje. Kila kiungo cha nje kizungushiwe mkanda wa mpira unaojigundisha, ukiuvuta hadi ukonde kwa nusu, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo ilalie kama vigae, halafu mkanda wa kawaida juu yake. Vitundu vidogo vya kisanduku cha antena vitazame chini, na usivizibe, ni vya kutolea unyevu. RSRP ikishuka desibeli 5 au zaidi baada ya mvua na isirudi jua likiwaka, fungua plagi ya juu: ukikuta shaba imegeuka kijani, maji yameshaingia ndani ya kebo. Kata kipande hadi ufike penye shaba inayong'aa, kisha funga plagi mpya.