Kukamata uvujaji wa maji mjini kwa kupima mtiririko wa usiku

Muulize meneja yeyote wa mamlaka ya maji anapoteza kiasi gani, atakutajia asilimia. Asilimia hiyo ni tofauti kati ya maji yaliyoingizwa kwenye mtandao na maji yaliyoandikwa kwenye ankara, na ndani yake vimechanganyika vitu visivyofanana hata kidogo: bomba lililopasuka chini ya barabara, dira ya maji iliyochoka, mtu aliyejiunganishia kinyemela. Haikuambii uchimbe wapi. Tena hucheza kwa sababu zisizohusu mabomba kabisa. Kiwanda kikubwa kikipunguza uzalishaji, asilimia ya upotevu inapanda ingawa hakuna tundu jipya hata moja.

Mwongozo huu ni wa fundi au mhandisi anayetaka kujua maji yanavuja kiasi gani na wapi. Njia yenyewe ni kutenga eneo, kuliwekea dira yake, kisha kusoma dira hiyo saa ambazo watu wamelala. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, iliyoshusha upotevu wake kutoka asilimia 72 mwaka 1993 hadi karibu asilimia 6 mwishoni mwa miaka ya 2000, ilifanya mambo mengi, na kugawa mtandao katika kanda zinazopimwa lilikuwa mojawapo.

Hatua ya 1: Chora kanda

Lenga kanda yenye wateja kati ya 500 na 3,000. Ikiwa ndogo zaidi, gharama ya dira na chemba hailipi. Ikiwa kubwa zaidi, bomba moja lililopasuka linamezwa na matumizi ya kawaida na hutaliona. Tafuta mipaka ambayo mabomba hayaivuki mara nyingi: mto, reli, barabara kuu. Kanda iwe na mlango mmoja wa maji, miwili ikibidi sana.

Usiuamini mchoro wa ofisini peke yake. Tembea kanda nzima pamoja na fundi aliyelaza mabomba hayo, au aliyekuwepo yalipolazwa. Kuna maungio yaliyofanywa wakati wa ukame au dharura ambayo hayakuwahi kuingia kwenye ramani.

Hatua ya 2: Thibitisha kwamba kanda imefungwa kweli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ndiyo hatua inayorukwa zaidi kwa sababu haina kifaa cha kuvutia. Valvu ya mpakani ikipitisha maji kidogo, hesabu zote zinazofuata ni za uongo, hata ukiwa na dira bora kuliko zote.

Fanya jaribio la presha sifuri. Watangazie wateja mapema, na wenye mahitaji maalumu kama hospitali uwapangie maji ya akiba. Usiku, weka geji za presha sehemu tatu au nne: moja mahali pa juu kabisa, moja mahali pa chini kabisa, nyingine karibu na valvu za mpaka unazozitilia shaka. Funga valvu zote za mpaka, kisha funga mlango wa kanda. Presha inatakiwa ianze kushuka mara moja na iendelee hadi chini. Ikishuka nusu njia halafu ikasimama, kuna maji yanaingia kutoka kwingine.

Lakini ngoja kabla ya kutangaza kwamba valvu inavuja. Geji iliyo bondeni, mita 15 chini ya bomba la juu zaidi lenye maji, itaendelea kusoma baa 1.5 kwa sababu tu ya uzito wa maji yaliyosimama juu yake. Ili kutofautisha, fungua haidranti (koki ya zimamoto) ya bondeni. Kama ni maji yaliyosimama, yatamwagika, yatapungua nguvu, yataisha. Kama valvu inapitisha, yatatoka bila kuchoka. Geji inayobaki juu kuliko zote, ukishaondoa tofauti ya mwinuko, ndiyo iliyo karibu na valvu mbovu.

Weka fimbo ya kusikilizia kwenye shina la valvu hiyo. Inayopitisha maji hupiga mluzi mwembamba usiokatika. Kabla ya kuilaumu, hesabu mizunguko ya kuifungua na kuifunga, maana kuna valvu zinazofungwa kwa kuzungusha kinyume na nyingine, na mitandao mingi imezichanganya aina zote mbili. Ikithibitika kwamba imekufa na huihitaji kwa dharura, kata bomba na uliweke kizibo.

Jambo moja la usalama. Bomba likiisha presha, lile tundu lililokuwa linatoa maji linaweza kuanza kuvuta: matope, na maji machafu ya mtaro wa jirani. Kwa hiyo jaribio liwe fupi. Ukimaliza, fungua mlango polepole ili hewa itoke na kusiwe na kishindo cha kupasua mabomba, kisha safisha kwa kumwaga maji mwisho wa matawi na upime klorini iliyobaki. Kwa mteja wa mbali kabisa isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita.

Hatua ya 3: Dira na loga

Dira ya kanda ichaguliwe kwa mtiririko, si kwa kipenyo cha bomba. Ukiweka dira ya milimita 200 kwa sababu tu bomba ni la 200, mtiririko mdogo wa usiku unaweza kupita bila kuonekana sawasawa, na usiku ndio unaoutafuta. Acha bomba lililonyooka kabla na baada ya dira kwa urefu ambao mtengenezaji ameuelekeza.

Unganisha loga, yaani kifaa kinachoweka rekodi chenyewe, inayoandika mtiririko kila dakika 15 au chini ya hapo, na loga za presha mlangoni, mahali pa juu, na mahali panapowakilisha wastani wa kanda. Rekodi siku 7 mfululizo. Hakikisha saa za loga zote zinalingana. Kumbuka pia kwamba loga huandika 02:00 pale sisi tunaposema saa 8 usiku. Timu moja ikisoma huku na nyingine kule, mtakosana saa 6 nzima.

Hatua ya 4: Soma usiku, si mchana

Mtiririko huwa mdogo zaidi kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Chukua wastani wa saa ile ya chini kabisa, usiku baada ya usiku. Usiku mmoja hautoshi: inaweza kuwa mvua ilinyesha, au kuna mkesha mtaani.

Sasa kuna jambo ambalo miongozo mingi hulipita haraka, kwa sababu imeandikwa kwa miji ambayo maji hayakatiki. Maji yakitoka kwa mgawo, usiku si wakati wa kulala kwa mtandao. Ni wakati wa matangi kujaa. Kila nyumba ina tangi juu ya paa, na presha inapopanda saa 6 usiku, koki zote za boya zinafunguka kwa pamoja. Ukichukua namba hiyo ukaiita uvujaji, utachimba barabara nzima bila kuona tone.

Bahati nzuri, grafu hueleza. Mtiririko wa matangi hushuka polepole kadiri yanavyojaa: mstari unateremka tangu usiku wa manane, kwa mteremko laini, hadi alfajiri. Uvujaji hukaa bapa, au hupanda kidogo, kwa sababu presha ya mtandao nayo inapanda watu wanapoacha kutumia. Mstari wako ukiwa bado unateremka saa 10, hujafika kwenye uvujaji. Dawa yake ni kuipa kanda hiyo maji bila kukatiza kwa siku kadhaa hadi mteremko utoweke, kisha ndipo uanze kuhesabu. Idara ya usambazaji haitafurahi, kwa sababu kanda nyingine itakosa zamu yake. Panga nao mapema.

Hatua ya 5: Toa matumizi halali

Chukua kanda ya mfano: wateja 800, watu 4,800. Mtiririko wa chini wa usiku ni mita za ujazo 24 kwa saa.

Makadirio yanayotumika sana ni kwamba asilimia 6 ya watu huamka ndani ya saa hiyo na kuvuta maji ya choo, lita 10 kila mmoja. Hiyo ni watu 288, lita 2,880, tuseme mita za ujazo 2.9. Vyoo vya eneo lako vikitumia lita 6, badilisha. Watu wakitumia ndoo, badilisha zaidi. Wateja wakubwa wanaofanya kazi usiku usiwakadirie, nenda ukasome dira zao saa 8 na tena saa 9. Kwenye mfano wetu wametumia 3.1. Jumla ya matumizi halali ni 6, kwa hiyo zinazobaki 18 kwa saa ni uvujaji.

Usizidishe 18 kwa 24. Mchana presha hushuka na uvujaji hupungua nayo. Kama presha ya wastani wa kanda usiku ni baa 4.5 na wastani wa siku nzima ni 3.6, chukua uwiano wake, 0.8, uzidishe kwa 24: unapata saa 19.2. Mara 18, ni karibu mita za ujazo 346 kwa siku, au lita 430 na ushei kwa kila mteja. Hesabu hii inachukulia kwamba uvujaji hubadilika sambamba na presha, na kwa mtandao wenye mabomba mchanganyiko ni makadirio mazuri. Kwenye chuma pekee uvujaji huitikia presha kwa nguvu ndogo kuliko hapo. Kwenye plastiki, ambapo ufa hupanuka presha ikipanda, huitikia kwa nguvu zaidi.

Ili upate picha: tundu la milimita 5 kwa presha ya baa 5 hutoa takribani mita za ujazo 1.3 kwa saa, zaidi ya 30 kwa siku. Kwa hiyo 18 kwa saa inaweza kuwa bomba moja kubwa lililopasuka au matundu madogo kumi na kitu. Hatua inayofuata ndiyo inayokwambia ni lipi.

Hatua ya 6: Funga tawi moja moja

Usiku, ukiwa na mtu mmoja kwenye dira na mwingine kwenye valvu, anza na tawi la mbali zaidi na dira na urudi nyuma. Funga, subiri dakika 10 hadi 15, andika mtiririko umeshuka kiasi gani, songa kwenye valvu inayofuata.

Linganisha kila mshuko na idadi ya wateja wa tawi hilo. Tawi lenye wateja 60, kwa makadirio yale yale, lingepaswa kushusha lita 200 na kidogo kwa saa. Likishusha 7,000, umepata pa kwenda. Matawi yote yakishusha kidogo kidogo bila moja kujitokeza, usipoteze muda kutafuta tundu kubwa. Hiyo ni mivujo midogo kwenye viungo na maunganisho ya wateja, na tiba yake ni presha, tutafika huko.

Tahadhari ya maji machafu ya hatua ya 2 inahusika hapa pia. Usiache tawi limefungwa hadi asubuhi.

Hatua ya 7: Tafuta mahali penyewe

Kwenye tawi lililojitokeza, sikiliza kila valvu, kila haidranti na kila koki ya dira ya mteja. Sauti ikiongezeka kuelekea upande fulani, ifuate. Kwenye chuma sauti husafiri mbali. Kwenye plastiki hufifia haraka, kwa hiyo sehemu za kusikilizia ziwe karibu karibu.

Ukiwa na korileta, kifaa kinacholinganisha muda wa sauti ya uvujaji kufika sehemu mbili za bomba, weka vihisi viwili, kimoja kila upande wa mahali unapopashuku. Tuseme viko mita 120 mbali, bomba ni la chuma ambalo sauti hukimbia mita 1,250 kwa sekunde, na sauti imefika kihisi A sekunde 0.04 kabla ya B. Zidisha 1,250 kwa 0.04 upate 50. Toa kwenye 120, gawa kwa mbili: mita 35 kutoka A. Kifaa hufanya hesabu hii chenyewe, ila wewe ndiye unayekiambia urefu wa bomba na aina yake. Ukikiambia ni chuma wakati kipande cha katikati kilibadilishwa kuwa plastiki, kitakupa jibu kwa kujiamini kabisa na utachimba pasipo.

Hatua ya 8: Rekebisha, kisha pima usiku uleule unaofuata

Tundu likizibwa, mtiririko wa usiku ushuke kwa karibu kiasi kile tawi lilichoonyesha. Usiposhuka hivyo, angalia loga ya presha kabla ya kumlaumu fundi. Ukiziba tundu kubwa, presha ya kanda nzima inapanda, na mivujo iliyobaki inaongezeka. Kwenye mabomba ya plastiki, kupanda kutoka baa 4.5 hadi 5 kunaweza kuongeza uvujaji uliobaki kwa asilimia 17 hivi.

Ndiyo maana valvu ya kupunguza presha mlangoni ni bora iwekwe wakati huohuo, hasa kama mivujo ni ile midogo isiyosikika. Iweke kwa kufuata geji ya mahali pa juu kabisa na saa yenye matumizi makubwa, ili mteja wa kilimani asikose maji saa 1 asubuhi. Kama ina kidhibiti cha muda, shusha zaidi kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, lakini hakikisha kwanza kwamba wenye matangi ya ghorofani bado wanajaza.

Acha loga zikae. Namba ya usiku uliyoipata baada ya matengenezo ndiyo kipimo chako kipya, na kuanzia hapo kila wiki unalinganisha nayo. Ikipanda usiku mmoja na kurudi, puuza. Ikipanda na kukaa siku tatu mfululizo, rudi hatua ya 6.