Kiu, miguu na wembe: jinsi ya kumaliza Hija ukiwa mzima

Mimi ni muuguzi na nimefuatana na mahujaji kutoka Dar es Salaam zaidi ya mara moja. Wengi hunijia na hofu ya maradhi ya ajabu ya ugenini. Ninaowatibu huko huwa wameangushwa na kiu na malengelenge.

Hatua ya 1: Chanjo. Ya homa ya uti wa mgongo ni sharti la Saudia. Ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Wanaotoka Kenya, Uganda na Kongo wabebe pia kadi ya homa ya manjano. Tangu 2016 kadi hiyo haiishi muda, basi usirudie sindano bure.

Hatua ya 2: Dawa. Za presha na sukari zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari, ndani ya mkoba wa mkononi. Insulini isiende kwenye tumbo la ndege: ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Kama dawa yako ya presha inakukojolesha, muulize daktari utaimezaje kwenye joto.

Hatua ya 3: Miguu. Anza kutembea mwezi mmoja kabla, ukiwa na ndala zilezile utakazosafiri nazo. Ndala mpya ni adui. Wanaume, ihramu (mashuka mawili yasiyoshonwa ya Hija) haina suruali na mapaja yatasuguana: pakeni mafuta ya mgando yasiyo na manukato mapema, kabla ngozi haijachubuka. Msikitini usiache ndala mlangoni. Zitie kwenye kifuko uingie nazo. Zikipotea utakanyaga lami ya adhuhuri, na mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo huungua bila kujua.

Hatua ya 4: Maji. Hapa sina mzaha. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na waliofariki walizidi 1,300. Kina mama hujinyima maji huko Mina, kwenye kambi ya mahema karibu na Makka, wakiogopa foleni ya choo. Nawasihi, foleni ni afadhali. Tazama mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Mwanamume aliye kwenye ihramu hafuniki kichwa, lakini mwavuli ruksa. Ukikosa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwenzio akianza kupayuka au kupepesuka, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, piga 997, namba ya ambulensi ya Saudia. Usimnyweshe kwa nguvu.

Hatua ya 5: Kunyoa. Nenda kwa kinyozi mwenye kibali, wembe ufunguliwe mbele yako. Wembe wa kupokezana hupitisha homa ya ini. Maziwa ya ngamia mabichi, achana nayo.

Hatua ya 6: Homa. Ukiipata kule, mwambie daktari unatoka nchi yenye malaria na uombe kipimo chake, maana yeye hakutani nayo kila siku. Ukiipata baada ya kurudi, pamoja na kikohozi, anza kwa kusema, "Nimetoka Makka."