Jinsi ya kurekodi safari ya baiskeli na kuweka takwimu juu ya video

Aliyewahi kupanda baiskeli kutoka Mombo hadi Lushoto huku akirekodi njiani amekutana na mshangao huu alipofungua video nyumbani: mlima haupo. Barabara ile ina urefu wa takribani kilomita 33, inapanda kiasi cha mita 900 kupitia Soni, na mapaja bado yanauma, lakini kwenye skrini inaonekana kama njia tambarare yenye kona nyingi. Kosa si la mpandaji. Kamera ndogo za kuvaa, zile ambazo wengi huziita GoPro hata zikiwa za kampuni nyingine, zina lenzi pana sana, na lenzi ya namna hiyo hulaza mlima na kuzidisha mwendo machoni mwa mtazamaji. Takwimu zinazowekwa juu ya video, yaani namba kama mwendo, mwinuko na mapigo ya moyo, zina kazi ya kusema kile ambacho lenzi imekificha, na maelekezo yafuatayo yanafuata njia hiyo ya Usambara kama mfano.

Takwimu zenyewe hutoka katika kamera au katika kifaa kingine ulichobeba. GoPro HERO5 Black ya mwaka 2016 ilikuwa na kipokezi cha GPS, na matoleo makuu yaliyofuata yaliendelea nacho hadi HERO11 Black. HERO12 Black ya mwaka 2023 ilitoka bila kipokezi hicho, kisha HERO13 Black ya mwaka 2024 ikakirudisha, kwa hiyo anayenunua kamera iliyokwishatumika na aulize toleo kabla ya kutoa fedha. Hata hivyo mimi hupendelea kompyuta ya baiskeli, au saa ya michezo, inayohifadhi safari katika faili la FIT au GPX. Kamera inajua mahali ulipo na mwendo wako tu, ilhali kompyuta ya baiskeli hupokea pia mapigo ya moyo kutoka kwenye mkanda wa kifuani, mizunguko ya pedeli kwa dakika, na wati kama una kipima nguvu. Nyingi kati yake hupima mwinuko kwa kanieneo ya hewa, njia ambayo huonyesha kupanda na kushuka kwa usahihi zaidi kuliko setilaiti. Mwenye simu pekee anaweza kurekodi kwa Strava, programu ya kurekodi mazoezi, na baadaye kupakua faili la GPX kupitia tovuti yake.

Kabla ya kuondoka, iamuru kompyuta ya baiskeli irekodi kila sekunde moja, kwa maana baadhi ya vifaa huruka sekunde ili kuokoa nafasi, na mruko huo huonekana wazi kwenye video kama namba zinazoganda. Zima pia usitishaji wa kujiendesha unaokata rekodi kila unaposimama. Kisha simama mahali pa wazi hadi setilaiti zipatikane. Kifaa ambacho hakijawashwa kwa siku nyingi kinaweza kuhitaji dakika kadhaa.

Kuhusu mahali pa kufunga kamera, kifuani huonyesha mikono na usukani na humpa mtazamaji hisia ya kuwa juu ya baiskeli, ila mpandaji aliyeinama juu ya baiskeli ya mbio hujikuta amerekodi lami tupu asipoielekeza kamera juu. Kwenye helmeti, kila unapogeuza kichwa mtazamaji anageuzwa nawe, na baada ya dakika tano anaona kizunguzungu. Kwangu mahali bora ni mbele ya usukani, chini ya kompyuta ya baiskeli, kwa kuwa utulizaji wa picha wa kamera za sasa unamudu mitetemo ya lami. Fremu 30 kwa sekunde zinatosha. Jua la saa sita mchana huifanya kamera ifungue shata (kilango kinachoingiza mwanga) kwa muda mfupi mno, barabara ikaonekana inarukaruka. Kichujio cheusi cha kupunguza mwanga hurekebisha hilo, lakini kivue kabla ya kuingia kwenye kivuli cha miti juu ya Soni, la sivyo picha itajaa chenga.

Usirekodi safari nzima. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, na betri moja huisha muda mrefu kabla ya Lushoto. Rekodi vipande vya dakika mbili au tatu katika kona kali, kwenye madaraja na sokoni, ilhali kompyuta ya baiskeli inaendelea kurekodi bila kukatizwa.

Sasa tuje kwenye kazi inayowashinda wengi, nayo ni kulinganisha saa. Programu ya kompyuta inayoweka takwimu juu ya video huunganisha viwili hivyo kwa kutazama muda ulioandikwa katika kila faili, na muda huo haufanani. Faili la GPX huandika muda wa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, ambao uko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, wakati saa ya kamera ni ile uliyoiweka wewe, au ile iliyorudi mwanzo betri ilipokaa nje. Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tunaongeza mkanganyiko wa tatu: safari iliyoanza saa 1 asubuhi ni 07:00 kwenye kamera na 04:00 ndani ya faili. Katika video yangu ya kwanza nilionekana nikisukuma baiskeli kwa miguu huku namba zikitangaza kilomita 48 kwa saa, kwa sababu programu ilikuwa imechukua takwimu za kushuka.

Dawa yake ni rahisi. Mwanzoni mwa kila kipande muhimu, simama kabisa kwa sekunde kumi huku kamera ikirekodi, kisha ondoka kwa nguvu. Katika programu, tafuta fremu ambayo gurudumu linaanza kuzunguka, na usogeze takwimu hadi mwendo utoke sifuri katika fremu hiyo hiyo. Mwendo wa GPS huchelewa kidogo, hivyo mwenye kihisi cha gurudumu atapata ulinganifu mzuri zaidi. Hakiki tena mahali pengine uliposimama, kwa mfano uliponunua maji Soni. Kama sifuri zinaangukia mahali pake mara zote mbili, kazi imekwisha. Tahadhari ndogo kwa wenye GoPro: rekodi ndefu hukatwa vipande, na GX020045 ni sehemu ya pili ya GX010045, ingawa orodha ya majina inaweza kuichomeka GX010046 katikati yao.

Telemetry Overlay ni programu ya kulipia inayosoma FIT, GPX na takwimu za ndani ya GoPro. Asiyeogopa kuandika amri kwenye kompyuta anaweza kutumia gopro-dashboard-overlay, ambayo ni ya bure. Ukitaka kuhariri video katika DaVinci Resolve, toa takwimu peke yake bila mandharinyuma yoyote, uziweke kama tabaka la juu.

Usiamini asilimia ya mwinuko, yaani ukali wa mlima, kabla ya kuilainisha kwa kuchukua wastani wa umbali mrefu zaidi. Mtu anayepanda kwa kilomita 10 kwa saa husogea mita 2.8 kwa sekunde. Kipimo cha kimo chako mlimani kikikosea mita moja tu katika sekunde hiyo, skrini itatangaza mlima wa asilimia 36. Kosa hilo hilo likigawanywa katika mita 100 hubaki asilimia 1. Karibu na Soni, ambako kuta za bonde hurudisha mawimbi ya setilaiti, mimi hulainisha kwa mita 100 au zaidi. Wati zinatosha wastani wa sekunde 3. Mapigo ya moyo yaache yalivyo. Yatachelewa kupanda nyuma ya mlima, kwa sababu ndivyo moyo wenyewe unavyofanya.

Chagua vipimo vinne: mwendo, asilimia ya mwinuko, mapigo ya moyo, na mchoro mdogo wa mlima wenye nukta inayoonyesha ulipofika. Huo wa mwisho ndio unaomweleza mtazamaji kiasi kilichobaki. Andika mwendo bila desimali, weka kivuli nyuma ya namba ili zisipotee kwenye mawingu meupe, na uache katikati ya barabara wazi. Ramani iweke tu kama haianzii mlangoni kwako: hata ukiwa umeficha mwanzo wa safari kwenye Strava, faili unalolipakua mwenyewe lina njia yote, kwa hiyo kata kilomita ya kwanza na ya mwisho kabla ya kuliingiza katika programu.

Toa kwanza kipande cha sekunde 20 chenye kona kali na ukitazame kwenye simu ukiwa umeishika umbali wa kawaida. Namba ambayo inakulazimu kuisogeza simu karibu na macho, ikuze au iondoe.