Kuchagua sproketi ya mbele ya baiskeli ya milimani

Anza na sproketi ya mbele (gurudumu lenye meno lililo kwenye pedali), kwa kuwa hubadilisha gia zote kwa mkupuo mmoja. Meno 32 huwafaa wengi. Ukipanda miinuko mikali, weka 30: kwa kaseti (seti ya sproketi za nyuma) ya meno 10–52, gia nyepesi kabisa, yaani meno ya mbele yakigawanywa kwa ya nyuma, hushuka kutoka 0.62 hadi 0.58, na magoti huisikia tofauti. Kwa njia tambarare za kasi, 34, ila hakikisha kwanza kwamba fremu ina nafasi.

Kisha pima cheni. Izungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye deraila (kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia), uongeze angalau pingili mbili. Mifumo mingine hutaka zaidi, basi fuata maelekezo ya deraila yako. Baiskeli yenye shokomzoba ya nyuma ipimwe shokomzoba ikiwa imebonyezwa pale cheni inapovutwa zaidi. Ukisahau, cheni fupi itang'oa deraila.

Cheni iliyorefuka 0.5% kwenye mfumo wa gia 12 ibadilishwe mara moja, la sivyo itaharibu meno ya kaseti, ambayo ni ghali kuliko cheni.