Shingo inapokaza baada ya mionzi: namna ya kuituliza na kuizuia isirudi kila mara

Anayetibiwa saratani ya koo, kinywa, zoloto au nyuma ya pua huandaliwa mapema kwa vidonda vya mdomoni, mate kukauka na ngozi kuungua. Ni wachache wanaoambiwa kuhusu jambo linalokuja baadaye, pengine miezi kadhaa, pengine miaka, baada ya kumaliza mionzi: mtu anageuka kumwitikia jirani, au anapiga miayo, na ghafla msuli wa shingo unajikaza, unakuwa mgumu kama kamba iliyovutwa, na maumivu yanamfanya ashindwe hata kusema. Hudumu sekunde chache au dakika kadhaa, kisha unaachia. Baadaye mahali pale panabaki panauma kama palipogongwa.

Dozi kamili ya mionzi ya shingo kwa kawaida ni gray 70 hivi (gray ni kipimo cha mionzi), zinazogawanywa mara 35 kwa wiki saba. Saratani hufa, lakini misuli, ngozi na neva zilizokuwa njiani hubaki na makovu yasiyoonekana kwa nje. Kovu hufupisha msuli na kuunatisha na ngozi iliyo juu yake. Neva inayopita katikati ya kovu nayo husumbuka na kuanza kutuma amri zenyewe, bila wewe kutaka. Ndiyo maana mkazo huu haufanani na ule wa mguu wa mchezaji mpira, na ndiyo maana kuukanda kwa nguvu, dawa ya kwanza ambayo kila mtu mtaani atakupa, mara nyingi huuzidisha. Msuli wenye kovu na neva iliyokasirika unataka kunyooshwa polepole, kidogo kidogo, kila siku.

Wakati umekaza

Acha unachofanya. Kama uko njiani simama pembeni, kama unaendesha chombo punguza mwendo na uegeshe. Usikitikise kichwa na usijaribu kukirudisha kwa ghafla. Shika kidevu kwa kiganja ili mkono ubebe uzito wa kichwa badala ya shingo, shusha mabega, toa pumzi ndefu. Wengi hubana pumzi bila kujua, na hapo misuli yote ya shingo hukaza zaidi.

Kinachofuata kinategemea ni msuli upi. Ule unaosumbua zaidi ni msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga. Ukikaza wa kulia, kichwa huvutwa kulia na uso hugeukia kushoto. Kuuachia ni kinyume chake: laza kichwa taratibu upande wa kushoto, huku uso ukigeuka kulia kidogo, na kidevu kikinyanyuka kiasi. Nenda hadi pale unapohisi kuvutwa tu, bakia hapo ukipumua mara tano au sita. Ukikaza wa kushoto, geuza maelekezo yote.

Misuli ya chini ya kidevu hukaza kwa miayo, kutafuna kwa muda mrefu, au kuinama kufunga kamba za viatu. Hapa funga mdomo, acha ulimi ulale chini bila kusukuma popote, kisha nyanyua kidevu polepole. Unaweza kuweka kidole gumba chini ya taya na kuizuia kidogo ili mdomo usifunguke tena. Kosa la kawaida ni kufungua mdomo zaidi ukidhani unanyoosha; kwa kufungua unaufupisha ule ule msuli uliokaza.

Ukishaachia, usiujaribu kwa kugeuza shingo huku na huku. Ndani ya dakika chache za mwanzo hukaza tena kwa urahisi sana.

Pima damu kabla ya kulaumu mionzi peke yake

Kuna sababu mbili ambazo hutibika kirahisi, na zote huwapata watu hawa hawa. Ya kwanza ni upungufu wa magnesiamu, potasiamu au kalsiamu. Dawa ya sisplatini, ambayo wengi huchanganyiwa na mionzi, huharibu uwezo wa figo kuhifadhi magnesiamu, na hali hiyo inaweza kuendelea muda mrefu baada ya dripu ya mwisho. Ya pili ni tezi ya thairoidi kuzembea. Iko mbele ya shingo, ndani kabisa ya eneo la mionzi. Ikilegea, misuli huuma na kukaza, mwili huchoka, huhisi baridi na choo kuwa kigumu. Kipimo chake huitwa TSH, na aliyepigwa mionzi ya shingo anapaswa kupimwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama hana dalili. Ukiwa kliniki, kitaje kwa jina.

Kuhusu ndizi na maji mengi: si vibaya, na asiyekunywa maji ya kutosha kwa sababu ya koo kuuma ana kila sababu ya kukaza. Mbegu za maboga, karanga, maharage na mchicha vina magnesiamu nyingi. Lakini kama damu haina upungufu, chakula peke yake hakitalegeza kovu. Vidonge vya magnesiamu navyo huharisha, na mwenye figo dhaifu asivinywe bila daktari kujua.

Kunyoosha kila siku

Anza ngozi ikishapona kabisa, kwa wengi wiki nne hadi sita baada ya mionzi ya mwisho. Kama umefanyiwa upasuaji wa shingo, subiri daktari wa upasuaji akuruhusu. Fanya mara mbili au tatu kwa siku, dakika kumi zinatosha. Asubuhi shingo huwa ngumu zaidi, kwa hiyo usianze ukiwa bado kitandani.

Pasha kwanza kwa taulo iliyolowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, dakika tano hadi kumi. Ijaribu kwenye mkono upande wa ndani, kamwe si shingoni, maana ngozi ya mionzi mara nyingi ina ganzi na huungua bila kukuambia. Kwa sababu hiyo hiyo, chupa ya maji ya moto na dawa za kuchua zenye pilipili au menthol ziache kabisa mahali hapo.

Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, mabega yameshuka. Vuta kidevu nyuma kama mtu anayekataa harufu, bila kuinamisha kichwa, sekunde tano, mara kumi. Hili huamsha misuli ya ndani ya shingo na kuipumzisha ile ya mbele. Kisha geuza uso kulia hadi panapovuta, kaa sekunde 20 hadi 30, rudi katikati, upumzike, nenda kushoto. Mara tatu kila upande. Halafu laza sikio kuelekea bega, kwa muda na idadi ile ile, na hakikisha ni sikio linaloshuka, si bega linalopanda. Malizia kwa kuzungusha mabega kwenda nyuma mara kumi na kuyakaribisha pamoja mafupa bapa ya mabega yaliyo mgongoni.

Zoezi moja linastahili muda zaidi kuliko mengine. Weka kiganja chini tu ya mtulinga upande wenye kovu, kandamiza ngozi na kuivuta chini kidogo, ishikilie hapo. Sasa laza kichwa upande wa pili na unyanyue kidevu kidogo. Bila kuishikilia ngozi, kifua hufuata shingo na hakuna kinachonyooka.

Kipimo cha nguvu ni maumivu yasiyozidi tatu kwa kumi. Ukifika mwisho wa mwendo na kuongeza kidogo "ili kufaidi", hapo ndipo mkazo hushika. Kama hata sekunde 20 zinauamsha, anza na tano, uongeze sekunde mbili tatu kila wiki. Kudunda-dunda hakufai. Na usiache ukishapata nafuu: kovu la mionzi huendelea kujikaza kwa miaka, hivyo anayeacha kwa mwezi mmoja huweza kupoteza sehemu kubwa ya alichopata.

Nyosha na taya pia. Mdomo unapaswa kuingiza vidole vyako vitatu vilivyosimamishwa kati ya meno ya juu na ya chini. Ukishindwa, mweleze daktari mapema. Taya lililofunga kwa miezi mingi ni kazi ngumu kulifungua.

Kuchua, na kipi kisifanyike

Kuchua kunakofaa ni kwa ngozi, si kwa msuli wa ndani. Paka mafuta ya nazi au vaselini isiyo na manukato, weka vidole viwili juu ya kovu, na isogeze ngozi yenyewe juu ya kilicho chini, duara dogo, juu na chini, dakika tano. Vidole visiteleze.

Usikandamize pande zote mbili za shingo kwa wakati mmoja, na usiguse kwa nguvu pale unapohisi mapigo ya damu. Mionzi huweza kuifanya mishipa hiyo mikubwa iwe myembamba kwa ndani miaka baadaye, na kuikandamiza kunaweza kushusha mapigo ya moyo hadi mtu akaanguka. Kupigwa chuku, kuchanjwa, au kuvunjwa shingo ili ilie, vyote ni hatari mahali hapa. Ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa shida, na chale ndogo inaweza kugeuka kidonda cha miezi. Usichue kabisa juu ya uvimbe mpya.

Maisha ya nyumbani

Ndoo kichwani iachwe. Uzito huo hubana pingili za shingo na kulazimisha misuli yote ikaze ili kusawazisha. Mizigo ya mkononi igawe pande mbili, na kama tezi za limfu za shingo zilitolewa na bega moja limeshuka, usilitundikie mkoba. Bega lililoshuka huning'inia kwenye shingo siku nzima, kwa hiyo ukikaa liwekee mto chini ya kiwiko.

Mto wa kulalia ujaze nafasi kati ya bega na sikio ukilala ubavu, basi. Mito miwili mirefu humwamsha mtu usiku akiwa amekaza. Saluni, omba kuoshwa nywele ukiwa umeinama mbele kidogo kwa msaada, au umekaa wima, badala ya kutupa kichwa nyuma kwenye beseni. Simu inue hadi usawa wa macho. Anayeswali na ambaye salamu ya mwisho humletea mkazo ageuze pole pole pamoja na bega, au kwa kadiri anavyoweza. Mgonjwa ana ruhusa hiyo. Ukihisi miayo inakuja, weka ngumi chini ya kidevu na usiruhusu mdomo ufunguke wote.

Dawa

Parasetamol hupunguza maumivu yanayobaki, haizuii mkazo wenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani ziogopwe na yeyote aliyepata sisplatini, kwa ajili ya figo. Kwinini, ambayo wengine huitumia kwa misuli, isitumike: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya dhidi ya matumizi hayo kwa sababu ya madhara yake kwa damu na moyo.

Daktari anaweza kukuandikia baklofeni, gabapentini au pregabalini. Huanza kwa dozi ndogo usiku kwa sababu zinalevya usingizi, na hazikatizwi ghafla. Kuacha baklofeni mara moja kunaweza kuleta degedege. Kabamazepini nayo husaidia neva zinazojifyatua, lakini hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya dawa za VVU, kwa hiyo anayetumia ARV aseme kabla haijaandikwa.

Pale ambapo vyote vimeshindwa kuna sindano ya botulini kwenye msuli wenyewe. Nguvu yake huonekana ndani ya wiki mbili hivi na hudumu takribani miezi mitatu, kisha hurudiwa. Ni ghali, na lazima ichomwe na mtu anayejua shingo iliyopigwa mionzi, kwani ikisambaa hadi misuli ya kumezea, mgonjwa hupaliwa.

Usisubiri kliniki

Nenda hospitali mara moja ukipata uso kupinda, mkono au mguu kulegea, au maneno kuvurugika. Kupumua kwa shida. Homa na shingo isiyoinama. Udhaifu unaoongezeka kwenye miguu, au mkojo na choo visivyozuilika, navyo ni vya dharura. Uvimbe mpya, maumivu ya usiku yasiyoachia, au kichwa kinachoanguka mbele kwa sababu shingo haiwezi kukibeba, vitake miadi ya haraka. Mshtuko kama wa umeme unaoshuka mgongoni ukiinamisha kichwa, miezi michache baada ya mionzi, mara nyingi huisha wenyewe, ila daktari lazima auandike.

Kuhusu fiziotherapia, si lazima urudi ulikopigwa mionzi, iwe Ocean Road, Bugando au Kenyatta. Hospitali nyingi kubwa za rufaa zina wataalamu hao, lakini si wote wamezoea shingo za mionzi, kwa hiyo nenda na karatasi inayosema: dozi na tarehe ya mwisho ya mionzi, upande uliopigwa, kama tezi za limfu zilitolewa, na dawa unazotumia. Ongeza orodha ya wiki mbili: mkazo ulitokea saa ngapi, ukifanya nini, upande gani, dakika ngapi. Orodha hiyo humwonyesha ni mwendo upi wa kuanza nao na upi wa kuuacha kwanza.